Kukagua nyumba ya zamani iliyokarabatiwa Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayetaka kununua au kurithi nyumba ya zamani iliyotiwa rangi na vigae vipya, iwe kisiwani au ng'ambo ya Likoni, Kisauni na Changamwe. Tumeshughulika na kitu kimoja tu: yale yanayoifanya nyumba isimame. Mabomba, umeme na madirisha yana siku yake.

Nyumba imepigwa rangi juzi. Kuna cha kuona kweli?

Kipo, ila si sebuleni. Anayekarabati ili auze hutia pesa pale mnunuzi atakapopita. Wewe anza pale rangi ilipokomea: ndani ya kabati chini ya sinki la jikoni, nyuma ya matangi ya maji juu ya paa, chini ya ngazi, kwenye uchochoro wa nyuma, na juu ya dari ya jipsamu. Dari ikiwa haina tundu la kupandia, omba ikatwe tundu la sentimita 40 kwa 40 kwenye kona. Kuliziba ni kazi ya nusu siku, na hakuna sababu ya maana ya kukataa.

Tazama pia kisicholingana. Chumba chenye kuta tatu za plasta ya zamani na mmoja wa plasta mpya kina habari kwenye ule mpya. Vigae vilivyotandikwa juu ya vigae vya zamani vina habari pia: sakafu huenda ilizama, ikasawazishwa badala ya kutafutiwa sababu.

Nije na vifaa gani?

Tochi yenye mwanga mkali, nyundo ndogo ya gramu 200 hadi 300, bisibisi bapa, futi ya mita 5, timazi, uzi wa mita 10, pima maji ya mita moja, penseli na ngazi. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye maji, utakupa usawa wa sakafu kutoka chumba hadi chumba vizuri kuliko programu ya simu. Njoo mchana, na kama unaweza kusubiri, njoo wakati wa masika, Aprili na Mei. Nyumba inayoonekana kavu mwezi wa Februari haijakwambia kitu.

Nitajuaje ukuta umejengwa kwa nini, na plasta imefunika yote?

Kwa vumbi la drili. Kwa idhini ya mwenye nyumba, toboa tundu la milimita 6 lenye kina cha sentimita 10, karibu na sakafu, nyuma ya mlango. Vumbi jeupe au la maziwa ni jiwe la matumbawe. La kijivu ni bloku ya saruji. Likitoka jekundu au la kahawia, na drili ikazama kama kwenye siagi, huo ni ukuta wa udongo na miti uliovishwa plasta.

Nyumba za udongo zilizovishwa saruji bado ni nyingi Majengo, Likoni na Kisauni. Shida yao iko chini: miti huoza pale inapoingia ardhini, plasta ya nje ikabaki imesimama kama ganda la yai. Piga kwa nyundo kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Mlio mtupu, wenye plasta inayotikisika, maana yake ganda limeachana na ukuta. Nyumba kama hiyo usiinunue kwa bei ya nyumba ya mawe, hata vigae ving'ae vipi.

Dari ya boriti katika nyumba ya Mji wa Kale ni hatari?

Boriti za mikoko zilizokaa kavu hudumu vizazi. Hatari iko kwenye ncha zake, sentimita 20 hadi 30 zilizozama ndani ya ukuta, ambako hakuna jicho linalofika na unyevu haukauki.

Kagua hivi. Panda ngazi, shika boriti moja moja kwa zamu, na sukuma bisibisi ndani ya mti pale unapogusana na ukuta. Boriti nzima hukataa. Bisibisi huacha alama tu. Ikizama zaidi ya sentimita moja kwa nguvu ya mkono, ncha imeoza. Tafuta unga laini juu ya kabati au sakafuni chini yake, ndio kazi ya bungua, mdudu anayekula mbao, na mifereji ya udongo inayopanda ukutani, ndiyo ya mchwa. Kisha vuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya boriti ya katikati. Vyumba hivi ni vyembamba kwa sababu urefu wa mti ndio ulioamua upana, mara nyingi chini ya mita 3. Kwa upana huo, boriti iliyopinda zaidi ya sentimita 2 ni ya kuitia mhandisi.

Sehemu ya kwanza ya kukagua ni chini ya choo kilichohamishiwa juu. Nyumba ilijengwa choo kikiwa nyuma, chini. Ukarabati ukakipandisha ghorofani ili kila chumba kiwe na chake. Mvujo mdogo wa miaka 3 huimaliza boriti iliyovumilia miaka 100.

Muuzaji anajisifu kuwa ameweka slabu ya zege juu ya boriti. Ni faida?

Kwa kawaida ni hasara kubwa kuliko zote tutakazozitaja hapa. Zege lina uzito wa karibu kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Slabu ya sentimita 10 ni kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 2.8 kwa 6 kina mita za mraba 16.8, kwa hiyo boriti zimetwishwa tani 4 kabla hujaweka kitanda. Tena zege mbichi lilimwagwa na maji yake juu ya mti na chokaa, na halikuruhusu unyevu utoke.

Muulize slabu imekaa juu ya nini. Jibu zuri ni kwamba imeingia ukutani angalau sentimita 15 pande zote mbili, ina nondo zake, na boriti zimeachwa kama pambo tu. Jibu la kutisha ni "juu ya zile zile za zamani, ni ngumu sana hizo". Ukiambiwa hivyo, usikubali watu walale chini yake mpaka mhandisi apime.

Plasta inabambuka chini, futi mbili tatu kutoka sakafuni. Fundi anasema ni rangi mbaya.

Rangi imesingiziwa. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa taratibu kupitia chokaa yake. Ukiuvisha plasta ya saruji na rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na chumvi hubaki nyuma ya plasta. Chumvi ikikauka hujenga fuwele zinazosukuma. Bandua kipande utaona nywele fupi nyeupe, laini kama pamba.

Mwanzoni ni maradhi ya ngozi. Ili kujua kama yamefika mifupani, kwangua chokaa katikati ya mawe kwa ufunguo. Ikimwagika kama mchanga mkavu hadi kina cha sentimita 3 au zaidi, mawe yanakaa bila kushikwa. Tazama ukuta kwa ubavu, shavu likigusa ukuta na tochi ikimulika sambamba nao: ukuta ukitoa tumbo, tabaka la nje limeachana na kifusi cha katikati, na hapo plasta mpya ndiyo iliyokuwa inazuia usione.

Tiba ni kubandua saruji hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, kuuacha ukuta ukauke miezi kadhaa, kisha kupiga chokaa, sehemu 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wa bara, usiwe wa ufukweni.

Kuna mistari ya kutu kwenye slabu. Je, zege limeoza?

Zege halijaoza, nondo ndizo zinazokula kutu, na kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, wakati mwingine hadi mara sita. Zege halina pa kukimbilia, linapasuka.

Mombasa hili lina njia mbili za kuingia. Ya kwanza ni hewa ya bahari, inayopeleka chumvi ndani kutoka nje. Ya pili ilikuwamo tangu siku ya kumwaga: mchanga wa ufukweni na maji ya kisima ya chumvi, kwa kuwa maji ya mfereji hayakuwapo. Hii ya pili ndiyo mbaya, maana chumvi imeenea kote na hakuna rangi ya kuitoa.

Zisome dalili kwa mfuatano wake. Kwanza ni doa la kahawia. Kisha ufa mwembamba ulionyooka kama rula, na mwingine sambamba nao sentimita 15 au 20 kando. Huo ndio mpango wa nondo umejichora wenyewe. Kisha mlio mtupu ukigonga. Mwisho vipande vinaanguka na chuma kinaonekana. Gonga dari yote kwa nyundo, hatua kwa hatua, na uzungushie penseli kila mahali panapolia kitupu. Picha ya dari hiyo yenye duara za penseli ina nguvu kuliko maneno yoyote mezani kwa muuzaji.

Ukipata nondo iliyo wazi, ikwangue hadi chuma king'ae, kisha pima unene. Nondo ya milimita 12 iliyobaki 10 imepoteza karibu asilimia 31 ya nguvu yake, ingawa kwa macho inaonekana bado nene. Pima pia zege lililoifunika. Ndani ya nyumba kavu bara, milimita 25 hutosha. Karibu na bahari wahandisi hutaka 40 hadi 50. Nyumba nyingi za zamani zina 15.

Palipoanguka pamezibwa vizuri kwa saruji. Si basi?

Kiraka cha juu juu huhamisha ugonjwa. Chuma kilicho ndani ya kiraka kipya kinatulia, na kile kilicho ukingoni, ndani ya zege la zamani lenye chumvi, kinaanza kuliwa kwa kasi zaidi. Ndiyo maana unaona slabu yenye viraka vya umri tofauti, kila kimoja kikifuata mpaka wa mwenzake. Kiraka cha haki hutaka zege lichongwe hadi milimita 20 nyuma ya nondo, chuma kisafishwe hadi king'ae, kilicholiwa sana kiongezewe kipya, na zege lenye chumvi lote liondolewe. Mwombe muuzaji picha za kazi hiyo ikiwa wazi. Aliyeifanya huwa anazo.

Mhandisi anaweza kupima zaidi. Fenoftalini, dawa ya kupimia, ikinyunyiziwa zege lililovunjwa sasa hivi hugeuka waridi palipo pazima, na hubaki bila rangi pale ambapo hewa imeshapunguza kinga ya nondo. Unga wa drili hupelekwa maabara kupimwa chumvi. Nyundo ya Schmidt, kifaa cha kupima zege kwa kuligonga, husoma ugumu wa uso tu, kwa hiyo isiwe kipimo pekee kwenye ripoti.

Ufa gani ni wa kuogopa?

Methali ya ufa na ukuta imewafundisha mafundi wetu kuziba. Imesahau kuwafundisha kuuliza ufa umetoka wapi.

Ufa wa unywele, chini ya milimita 1, unaokwenda ovyo kama ramani, ni wa plasta. Kuanzia milimita 5, au pale milango inapoanza kukwama, kuna kitu kinasogea. Unaopita milimita 15 ni wa muundo. Upana si kila kitu, lakini. Ufa wa ngazi ngazi unaofuata viungo vya bloku, mpana juu na mwembamba chini, husema pembe ya nyumba inazama. Ufa wa mlalo chini ya slabu mara nyingi ni slabu inayojinyanyua au ukuta unaosukumwa nje. Ufa wa wima kwenye nguzo, ukiandamana na zege linalosagika, si wa kusubiri kesho.

Kujua kama unatembea, bandika kijiti cha kioo chembamba kukatisha ufa kwa gundi ngumu kila upande, andika tarehe, uache wiki 6 hadi 8 zenye mvua ndani yake. Kioo kikipasuka, nyumba bado inakwenda. Kama ufa umezibwa na kupakwa rangi halafu ukarudi pale pale, hilo jaribio umeshafanyiwa bure.

Sebule na jikoni zimeunganishwa kuwa kubwa. Nikague nini?

Uliza ukuta uliokuwa katikati ulikuwa umebeba nini. Panda juu: kama kuna ukuta wa ghorofa ya pili uliokaa pale pale, sasa umekaa juu ya slabu tupu au bimu. Bimu au chuma kilichowekwa kiwe kimelala juu ya ukuta angalau sentimita 15 hadi 20 kila upande, juu ya kitako cha zege, si juu ya tumbawe laini. Vuta uzi chini yake uone imepinda kiasi gani. Kisha tazama ukuta chini ya ncha zake mbili, ambako ufa wa wima huanzia.

Ghorofa zimeongezwa. Nyumba ya chini ilijengwa kubeba hizo?

Mara nyingi sivyo. Kwanza, simama nje uhakikishe kila nguzo ya juu imekaa juu ya nguzo ya chini. Iliyosogea hata nusu mita imekaa juu ya bimu isiyoitarajia. Pili, kuta za bloku za inchi 6 hazikukusudiwa kubeba slabu mbili. Tatu, msingi: chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 ubavuni mwa ukuta hadi uone msingi umekaa juu ya nini. Chimba moja kwa wakati na ulifukie siku hiyo hiyo. Ukikuta msingi umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, shusha pumzi. Ukikuta kifusi, chupa na majivu, ghorofa zile zimejengwa juu ya jaa.

Usisahau matangi. Kwa uhaba wetu wa maji kila paa lina yake, na lita 1,000 ni tani moja. Matangi mawili ya lita 5,000 kwenye kona moja ya slabu ni kama malori mawili madogo yameegeshwa juu ya chumba cha watoto.

Sakafu ya nyuma imezama kama sahani. Ni vigae?

Huenda ni shimo la choo la zamani au kisima, lililofukiwa taka na kujengewa juu. Taka huoza, hushuka, sakafu hubaki inaning'inia. Dalili ni mzamo wa duara wa mita moja hadi mbili, mlio mtupu, mende na harufu mvua ikinyesha. Waulize majirani wa siku nyingi. Bibi wa nyumba ya pili atakuonyesha kwa kidole choo kilipokuwa. Mwamba wa matumbawe nao una mapango yake, kwa hiyo maji taka yanayovuja yanaweza kubeba mchanga wa chini bila kuonekana juu.

Kwa nini nyumba za Changamwe na Mikindani hupasuka hata zikiwa mpya?

Huko si matumbawe. Chini kuna miamba ya sheli, mawe laini ya tabaka tabaka, inayozaa udongo wa mfinyanzi, unaovimba masika na kunywea kiangazi. Msingi mfupi hupanda na kushuka nao. Tafuta nyufa zinazofunguka Februari na kujifunga Mei, na miti mikubwa karibu na ukuta. Maji ya paa yaondolewe mbali na msingi kwa mfereji wa saruji.

Roshani ya zege?

Ikague kutoka juu, si kutoka chini. Nondo zake za kazi ziko juu, na wafanyakazi huzikanyaga zikashuka wakati wa kumwaga. Ufa unaokwenda sambamba na ukuta, pale roshani inapotokea nyumbani, ni onyo la mwisho. Roshani inaweza kuanguka ghafla bila kuinama kwanza. Kigae kipya juu yake kimeficha ufa huo huo.

Paa la makuti limegeuzwa kuwa mabati.

Makuti hupitisha upepo, mabati huubeba. Hakikisha mbao za paa zimefungwa ukutani kwa mikanda ya chuma, si misumari tu, na kwamba haijakula kutu. Kama dari imeinuliwa ili chumba kiwe na hewa, angalia mbao za mlalo zilizokuwa zinafunga miguu ya paa. Zikiwa zimekatwa, paa linazisukuma kuta nje kila siku.

Nimwite nani, na ripoti iwe na nini?

Mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Mthamini anakwambia nyumba ina thamani gani, hakwambii itasimama hadi lini. Mkandarasi wa ukarabati awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na michoro iwe imeidhinishwa na Kaunti. Ripoti iwe na mchoro wa nyumba wenye namba za kasoro, picha, vipimo, na kwa kila kasoro sababu yake na hatua. Ripoti inayosema "nyumba iko katika hali nzuri kwa ujumla" mrudishie aandike upya.

Nyumba iko Mji wa Kale. Naweza kubandua plasta kukagua?

Matundu madogo ya ukaguzi, kwa idhini ya mwenyewe. Zaidi ya hapo, eneo hili limehifadhiwa kisheria, na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndiyo ya kuonwa kwanza. Watu wa ofisi hiyo wanajua nyumba nyingi kwa sura, na mara nyingine wanajua kilichobadilishwa bila ruhusa.

Ni nyumba bila ardhi. Ukaguzi una tofauti?

Ndiyo. Mwenye nyumba analipia kiwanja kisicho chake, kwa hiyo nyumba nyingi za namna hii hazikuwahi kuwa na michoro. Kuta za pembeni huenda ni za majirani wawili. Kagua upande wa jirani pia: akibomoa yake kesho, ukuta wako unabaki bila mgongo.

Nimelala ndani na nimesikia mlio, milango imekwama usiku mmoja.

Toka na watu wote sasa, usirudi kuchukua vitu, wajulishe majirani wa ukuta kwa ukuta, piga 999 au 112. Gesi na umeme vizimwe tu kama swichi iko njiani unapotoka.

Muuzaji anakataa nitoboe, nigonge wala nipande juu.

Mpe njia ya kati: mhandisi wako, kwa muda wa saa mbili tu, matundu yasiyozidi matano ya milimita 6, na fundi wako ayazibe na kupaka rangi siku hiyo hiyo kwa gharama yako. Akikataa na hilo, toa bei ukihesabu kuwa kila slabu usiyoiona ni ya kuvunjwa na kumwagwa upya.